Singa za mkonge kwa kazi za mikono za watoto wakati wa likizo: tathmini kutoka Tanga

Kikundi chenye watoto 24 kinachotafuta kazi za mikono za likizo ya Desemba hapa Tanga hakihitaji pakiti za dukani zenye sponji za rangi, unga wa kumetameta na gundi ya kubandika. Kilo mbili na nusu za singa za mkonge, yaani nyuzi zinazotoka kwenye jani lake, zinatosha siku nne za kazi. Mwisho wake watoto wanakuwa na nyota za kutundika nyumbani, kamba za kuruka za kupeleka shuleni, na brashi nane za kupakia chokaa ambazo watazishika wenyewe siku ya kujitolea. Hatujaona malighafi nyingine mjini inayobeba mambo yote matatu. Ina kasoro, tena nyingine si ndogo, na zitatajwa hapa. Lakini kwa madrasa, kwa skauti, kwa watoto wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto Wakatoliki), kwa kikundi chochote chenye watoto wa kuanzia miaka saba, singa ndiyo tunayoipendekeza kwanza.

Kinachotupendeza zaidi ni kuona kazi ya mikono na kazi ya kujitolea zikiwa kitu kimoja. Mipango mingi ya likizo huzitenganisha: leo watoto wanabandika mapambo, keshokutwa wanapelekwa kufagia mahali ambapo wenyewe hawakuomba kufagiwa. Mtoto haoni vinahusiana vipi. Akishika brashi aliyoifunga kwa mikono yake, singa zikaanza kuchomoka na kunata ukutani, anajua papo hapo ni fundo lipi lililegea, na kesho yake atalikaza bila kuambiwa.

Tuanze na ununuzi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukasema unataka katani, utapewa mpira wa kamba iliyokwisha kusokotwa kiwandani. Kamba hiyo ni nzuri kwa kufungia mizigo, si kwa watoto. Viwanda hulainisha singa kwa mafuta kabla ya kuzisokota ili mashine zisizikate, na mafuta hayo hubaki ndani ya kamba. Ndiyo sababu inanukia kama karakana, haishiki rangi, gundi inateleza juu yake, na mikono ya mtoto inabaki na harufu mpaka wakati wa kula. Kuijaribu ni rahisi: sugua kipande juu ya karatasi nyeupe ya daftari, kisha inua karatasi kwenye mwanga. Ukiona doa linalopitisha mwanga, hayo ni mafuta, irudishe.

Unachotaka ni singa ghafi, zilizosafishwa, kukaushwa na kuchanwa, kabla hazijasokotwa. Maghala makubwa huziuza kwa marobota ya kilo 250, na hakuna kikundi cha watoto kinachohitaji robota. Njia ya kikundi ni kwa akina mama wanaosuka vikapu na mazulia, kwa wauza kamba wa sokoni wanaosokota wenyewe, au kwa wakulima wadogo wa upande wa Muheza na Korogwe. Sema waziwazi: "Shikamoo mama, naomba singa zilizochanwa, si kamba." Atakuuliza, "Za kusokota au za brashi?" Mwambie zote mbili, naye atajua akuchagulie zipi. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza kwa kilo, usinunue kwa fungu la macho. Mafungu mawili yanayolingana kwa unene yanaweza kupishana sana kwa uzito.

Singa nzuri ina rangi ya maziwa iliyoelekea manjano kidogo, na inang'aa ukiigeuza juani. Yenye ukijani haikuoshwa vizuri baada ya kutoka kwenye korona, mashine inayoponda jani na kuacha nyuzi. Utomvu uliokaukia humo ndio utakaowasha mikono ya watoto. Yenye madoa meusi au harufu ya stoo ililowa ikakaa. Vuta singa moja kwa mikono miwili, na ikikatika bila kukuumiza vidole iache. Weka kiganja katikati ya fungu: pakiwa na ubaridi, kuna maji, na maji utayalipia kwa bei ya singa. Urefu usipungue dhiraa mbili. Fupi zaidi ya hapo, mtoto atakuwa anaunganisha kila baada ya dakika mbili na atachoka kabla hajaona kamba.

Jambo moja tunalisisitiza bila kulegeza: msiwape watoto majani mabichi ya mkonge wayapare wenyewe. Tunajua inavutia, shamba liko karibu na inaonekana kama somo zuri. Lakini ncha ya jani ni mwiba mgumu unaoingia jichoni kwa urahisi, na maji ya jani bichi yana chembe kali zinazowasha ngozi mpaka upele utoke. Tena kati ya kilo 100 za majani hupatikana kilo nne hivi tu za singa, kwa hiyo asubuhi nzima ya kuwashwa itazaa kiganja kimoja cha nyuzi. Kama mnataka waone chanzo, wapelekeni watazame korona ikifanya kazi, wakisimama mbali.

Hesabu yetu ya watoto 24 ni hii. Nyota 24 za gramu tano kila moja ni gramu 120. Kamba nne za kuruka, kila moja mita mbili na nusu kwa unene wa milimita nane, zinakula gramu 500 hivi. Brashi nane za gramu 120 ni gramu 960. Jumla inakaribia kilo moja na gramu 600. Ongeza robo yake kwa nyuzi fupi zitakazotoka wakati wa kuchana, unafika kilo mbili. Nusu kilo ya mwisho ni ya makosa, na itatumika, hasa kama kuna watoto wengi wa miaka saba na minane. Msinunue pungufu kwa kutegemea kuongeza baadaye: fungu la pili halitafanana na la kwanza kwa rangi wala kwa ulaini.

Siku ya kwanza ni ya kuchana na kusokota. Uchanaji ufanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu singa kavu zina vumbi jembamba linalokera koo. Mwenye pumu apewe kazi ya kupima na kukata, akae mbali na vumbi. Chanuo la mbao lenye meno mapana linafaa. La plastiki litavunjika meno kabla ya saa moja. Shika fungu katikati, chana kutoka ncha kuelekea mkononi kidogo kidogo, kisha geuza. Nyuzi fupi zinazobaki kwenye chanuo msizitupe, zinajaza vitakio vya kuchomekea sindano.

Halafu maji. Singa kavu ni ngumu na inachoma. Ikilowana inalainika na kutii. Lowesha kwa kunyunyizia, funga kwenye kitambaa chenye unyevu kwa dakika 20, basi. Wanaozitumbukiza kwenye ndoo hupata singa zinazochuruzika, na kamba ikisokotwa ikiwa imejaa maji hulegea ikikauka, kwa kuwa nyuzi za asili hunenepa zikilowa na kusinyaa unene zikikauka.

Kusokota ndiko kunakotaka subira ya mwalimu. Chukua singa 12 hadi 15 kwa uzi mmoja, na nyingine kama hizo kwa uzi wa pili, fundo moja kwenye ncha, fundo hilo likamatwe na mwenzake au lifungwe kwenye mguu wa benchi. Kila uzi usokotwe kuelekea kulia mpaka uanze kutaka kujikunja wenyewe. Ndipo nyuzi mbili zipitishwe mmoja juu ya mwingine kuelekea kushoto. Hapo ndipo palipo siri ya kamba yote: uzi unataka kufunguka upande mmoja, kamba inataka kufunguka upande wa pili, na vinashikana vyenyewe. Kosa tunaloliona kila mara ni mtoto kusokota na kupitisha kuelekea upande uleule. Kamba yake inaonekana sawa akiwa ameishika. Akiiachia inafumuka yote mbele ya macho yake. Msimwambie amekosea. Mwambieni aachie tena, atazame inazunguka kuelekea wapi, ajaribu kupitisha kinyume chake. Wengi huelewa mara hiyo hiyo, na uso unabadilika.

Wazee husokota juu ya paja. Watoto wakiiga kwenye paja tupu ngozi itakuwa nyekundu ndani ya robo saa, kwa hiyo wavae suruali au watandike kipande cha kanga kuukuu chenye unyevu. Kuunganisha kufanyike kabla singa za zamani hazijaisha: weka mpya zikilalana na za zamani kwa shubiri moja, na usiunganishe nyuzi zote mbili mahali pamoja, la sivyo kamba itakatikia hapo siku ya kwanza ya kurukwa. Kamba ya kuruka inahitaji uzi mnene kuliko wa kufungia, gramu 60 hivi za singa kila upande, na ni kazi ya watoto wawili wenye miaka kumi au zaidi. Ikiisha, vinyweleo vinavyochoma mikono mtu mzima avibabue haraka kwa mwali wa mshumaa, ndoo ya maji ikiwa pembeni, kisha aisugue kwa kitambaa kibichi.

Mikono inapofanya kazi hiyo masikio yako wazi, na mkonge una historia ambayo mtoto wa Tanga anastahili kuijua. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika na kupona ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 mashamba yakaenea, na mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni duniani, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi pori. Mtoto anayesokota anaweza kupewa kipande cha kamba ya plastiki avilinganishe vyote viwili mkononi, aseme mwenyewe kipi kitaoza kikitupwa baharini.

Nyota ni kazi nyepesi, hatutakaa nayo sana. Njiti tano za ufagio wa chelewa, kila moja sentimeta 20, zikilazwa kwa umbo la nyota na kufungwa kwenye ncha tano na kwenye makutano ya ndani kwa singa tatu tatu zilizoloweshwa. Chelewa ziwe mbichi au zilowekwe usiku kucha; kavu zinapasuka mtoto akikaza fundo. Wanaosherehekea Krismasi watazitundika kwenye mvinje, wengine mlangoni au dirishani. Mahali popote pawe mbali na mishumaa, maana singa kavu hushika moto mara moja. Gundi msitumie kabisa. Singa ni ngumu na inarudi kama springi, gundi ya maji haina muda wa kukauka kabla haijabanduka. Kwenye singa ni kufunga tu.

Wakitaka rangi, tunapendelea manjano ya jikoni. Kwa nusu kilo ya singa chukua vijiko vitano vya chakula vya manjano ya unga na maji lita nane. Lowesha singa kwanza, kwa sababu zikiingia kavu zitatoka na mabaka, kisha chemsha kwa nusu saa, acha zipoe humo humo, suuza, anika kivulini. Rangi inashika bila dawa yoyote. Manjano ina jambo moja la kupendeza: ukizisuuza singa hizo kwa sabuni ya kipande, manjano inageuka wekundu wa tofali mbele ya macho, na ukikamulia ndimu inarudi manjano. Kwa watoto hilo peke yake ni somo la saa nzima, wakibadilisha nyota zao mara tatu nne. Kasoro ya manjano ni kupauka juani ndani ya wiki chache. Rangi za unga za kutilia ukindu zinadumu zaidi, lakini ni za mtu mzima aliyefunga kitambaa puani, na sufuria itakayotumika isirudi tena kupikia.

Sasa brashi, ambayo ndiyo kiini cha mpango wote. Wawe watatu watatu: mmoja anashika mti, mmoja anatandaza singa, mmoja anafunga. Mti ni wa sentimeta 30, unene wa kidole gumba, umekauka. Sentimeta nne kutoka kwenye ncha, mtu mzima achonge mtaro mwembamba kuzunguka mti. Bila mtaro huo mti utachomoka kama kijiko kwenye uji, na hili ndilo linaloharibu brashi nyingi za kwanza. Singa zikatwe vipande vya sentimeta 30. Gawa gramu 120 mara mbili.

Gramu 60 za kwanza zilazwe kuzunguka mti, katikati ya singa pakiwa juu ya mtaro: nusu inaelekea kwenye mpini, nusu inapita ncha ya mti. Anayetandaza azieneze sawasawa asiache upande mtupu. Kufunga kusitegemee nguvu za vidole. Funga ncha moja ya kamba nyembamba kwenye nguzo au mti wa uani, mtoto arudi nyuma mpaka kamba ikaze, kisha auzungushe mpini akisogea mbele hatua kwa hatua, kamba ikijiviringa juu ya mtaro kwa uzito wa mwili wake. Mizunguko mitano, fundo, tayari. Hata mwenye miaka minane anakaza hivyo kuliko mtu mzima anayevuta kwa mkono. Rudia kwa gramu 60 zilizobaki juu ya zile za kwanza.

Ndipo kinakuja kitendo ambacho watoto hudhani ni kuharibu: nusu ile iliyolala kwenye mpini ikunjwe kuelekea chini, ifunike fundo. Singa zote sasa zinaelekea upande mmoja, kila moja imejikunja juu ya kamba, haina pa kuchomokea. Funga mara ya pili sentimeta mbili chini ya fundo la kwanza, bado juu ya mti, kwa mtindo uleule wa nguzo. Kata ncha kwa mkasi mkubwa zibaki sentimeta kumi kutoka mwisho wa mti. Zikibaki ndefu zitarusha chokaa usoni. Zikiwa fupi mno brashi inakuwa ngumu na kukwaruza ukuta.

Kamba ya kufungia iwe kavu wakati wa kufunga. Kamba ya nyuzi za asili ikilowa hunenepa na kufupika, kwa hiyo iliyofungwa kavu hujikaza yenyewe brashi ikiingia kwenye maji. Iliyofungwa ikiwa mbichi hulegea ikikauka. Usiku wa kuamkia siku ya kazi brashi zote zilale kwenye ndoo ya maji. Asubuhi zikung'utwe kwa nguvu, na singa zisizoshikwa zitatoka hapo uani badala ya kutokea ukutani.

Chokaa yenyewe inadai heshima. Nunueni chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa, msiguse chokaa ya mawe ambayo huchemka ikikutana na maji. Hata iliyozimwa inaunguza macho. Watu wazima waichanganye jana yake: ujazo mmoja wa chokaa kwa maji mara mbili, ichujwe kwa kitambaa, iwe nzito kama maziwa ya mgando yaliyopigwa, si kama uji. Vijiko kadhaa vya chumvi kwa ndoo husaidia ishike ukuta, lakini karibu na bati, misumari au madirisha ya chuma acheni chumvi, huleta kutu, na upepo wa bahari wa hapa hauhitaji msaada. Kabla ya yote, mwagieni ukuta maji kiganja kimoja. Yakinywewa, chokaa itashika. Yakiteremka kama juu ya jani la mgomba, ukuta una rangi ya mafuta au ya plastiki na chokaa itabanduka kama magamba. Hapo tafuteni ukuta mwingine.

Wanaopaka wawe na miaka kumi na kuendelea, mtu mzima mmoja kwa watoto wanne, mikono mirefu, glavu, na hakuna anayepaka kupita kimo cha kifua chake. Kimo cha juu ya hapo ni cha watu wazima wenye roli au ngazi. Ndoo ya maji safi na kikombe vikae hatua tano kutoka kwa watoto. Tone likiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa mfululizo, kisha hospitali, bila kusubiri kuona kama litapoa. Wadogo wasiachwe wamekaa: wanafagia, wanalowesha ukuta mbele ya wapakaji, wanawafundisha wenyeji kuruka kamba.

Ukuta ulowe kabla ya kupakwa. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa kwa pupa, na kinachobaki ni unga unaotoka kwenye nguo ya kila anayeegemea. Pakeni mara mbili nyepesi, si mara moja nzito, nzito hupasuka. Waambieni watoto mapema kwamba chokaa mbichi haionekani vizuri na itang'aa ikikauka, vinginevyo watarudia palepale mpaka iwe nene. Muda mzuri ni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, na Desemba mtazame mvua za vuli, kwa kuwa mvua ya jioni huosha kazi yote.

Kuhusu pa kwenda, ombeni kabla ya kununua hata gramu moja. Mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati, imamu au katekista, mwenyekiti wa mtaa: nendeni wawili, mmoja wenu akiwa mtoto mkubwa wa kikundi, na swali liwe moja, "Mna ukuta gani unaohitaji chokaa?" Wakisema hawana, sikilizeni wanachohitaji. Huenda ni kamba ya ndoo ya kisimani, au brashi za kusugulia sakafu, ambazo ni zilezile zikikatwa fupi, sentimeta tano. Shule nyingi zitapenda kupakwa vyumba viwili vizuri kuliko sita nusunusu. Mkimaliza, brashi na kamba zibaki kwao. Mtoto mmoja aonyeshe namna ya kuzitunza, asalimie wakubwa kwa shikamoo, basi; hotuba haina haja.

Kulinganisha kidogo. Ukindu ni mzuri kuliko singa kwa mikeka na vikapu, na ukili unaosukwa na mikono yenye ujuzi hauna mfano, ila mtoto wa chini ya miaka kumi anapotea kwenye ukili wa nyuzi saba na kikapu hakiishi ndani ya likizo. Nyuzi za sufu ni laini na zina rangi nyingi, zinafaa kwa wenye miaka mitano na sita ambao singa zitawachoma, ingawa hakuna brashi itakayotoka humo. Pakiti za sponji zina faida moja ya kweli, zinamaliza kazi kwa nusu saa bila maandalizi. Kwa siku ya mvua na mwalimu mmoja peke yake tutazielewa.

Utunzaji ndio unaowaangusha wengi. Unyevu wa Tanga huotesha ukungu kwenye singa zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya wiki moja tu. Ziwekeni kwenye gunia la katani, zikining'inia, mbali na sakafu na ukuta. Brashi zilizotoka kwenye chokaa zisuuzwe siku ileile mpaka maji yawe maangavu, kwa kuwa chokaa ikikaukia ndani hula singa taratibu na kuzifanya zikatike. Kisha zitundikwe kwa mpini, singa zikielekea chini, ili maji yasishuke kwenye fundo na kuozesha kamba.